Mtani Aliyechuchumaa Msibani

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa tumbo na kwa haya. Ugonjwa watu waliuita chango. Haya hakuna aliyeitaja, ndiyo maana naitaja mimi. Muda mrefu alitoka damu akienda haja kubwa, akawa anakwenda kichakani peke yake kabla hakujakucha na kuifukia. Alikonda mpaka shanga za kiunoni zikamteleza.

Msibani mtani wa ukoo wetu alifika mapema. Kwetu milimani mtani ndiye anayezika, na ana ruhusa ya kumwigiza marehemu. Alijifunga nguo ya mama, akashika tumbo, akakimbilia migombani, akachuchumaa. Alipoinuka alichungulia alichoacha, kisha akakifukia upesi kwa mguu. Watu walicheka mpaka machozi. Nami nilicheka huku nalia.

Mjomba hakucheka. Huyu kaka yake mama, mkuu wa ukoo na mgawa mashamba yetu, alikuwa anautazama ule mguu unaofukia. Nikajua.

Mwanamke hamuulizi mjomba wake habari za choo. Nilipiga goti mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Na wewe unafukia?"

Aliinua fimbo. Nikamwambia anipige kwanza, halafu anijibu. Fimbo ilikaa juu, kisha ikashuka.

"Tangu vuli," akasema.

Nilimburuta hadi bomani Morogoro. Daktari wa Kijerumani alipoingiza kidole, mjomba alitukana kwa Kiluguru matusi ambayo sikujua anayajua. Kilitolewa kinyama chenye kikonyo, kama uyoga mchanga. Daktari alisema huenda cha mama kilianza hivyo hivyo, kikaachwa mpaka kikawa saratani, na kwamba maradhi haya hupenda kurudi kwa ndugu wa damu. Mjomba alipona, akaendelea kunigombeza miaka mingi. Nilifurahi kila aliponigombeza.

Kisha damu ile ya mama ikanijia mimi. Mama mkwe alinisihi nisiaibishe nyumba yake. Nilikasirika, nikamwita mtani yule yule, nikamvika kaniki yangu na kumwambia aniigize uani, mchana kweupe, wakwe wote wakiwapo, kabla sijashuka bomani. Sikutaka achekeshe watu siku ambayo mimi sisikii.

Alichuchumaa vizuri sana. Alipoinua mguu afukie, nilimshika.

"Hapo acha," nikasema. "Mimi sifukii."