Docteur Emérance Arudi Darasani

Huko Bukavu, Emérance Bagalwa alikuwa daktari wa watoto, na wazazi walimfuata hadi sokoni kumwonyesha vipele na vikohozi. Alipofika Minnesota, Marekani, akawa mtunza wazee katika nyumba moja ya wazee kwenye mji wa Crystal. Mitihani ya udaktari aliifanya, akafaulu yote, lakini kila hospitali aliyoiomba nafasi ya mafunzo ilimjibu vilevile: umehitimu zamani mno.

Basi aliposikia kuna chuo cha tiba asilia kinachopokea madaktari waliosomea nje, na kuwapunguzia masomo waliyokwisha kuyasoma, aliomba nafasi bila kumuuliza mtu.

Habari zilimfikia Pacifique, aliyesoma naye udaktari na ambaye sasa anaendesha lori. Jumapili, baada ya ibada, alimsimamisha nje ya kanisa, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Bonheur, ni kweli? Docteur mzima unaenda kuwa mganga wa majani? Unatutia aibu."

"Aibu gani, ndugu yangu? Wewe umemtibu nani tangu tufike hapa?"

Pacifique aligeuka akaingia garini. Emérance alijua amemchoma, na hakumfuata kumbembeleza.

Siku ya usaili, mwalimu mmoja wa chuo, mama mpole wa makamo, alimuuliza kama yuko tayari kuacha fikra za hospitali.

"Hapana," Emérance alijibu. Alijua mlango huu ukifungwa hakuwa na mwingine. "Nitajifunza mimea, lishe na kila mtakachonifundisha. Lakini mgonjwa anayehitaji kisu nitampeleka kwenye kisu. Kama hilo ni kosa, niambieni leo."

Mwalimu alicheka kidogo. "Hilo hata sisi tunalifundisha. Ila wachache hulisema hivyo."

Alikubaliwa. Akawa anasoma siku za kazi, na wikendi anarudi kwa wazee wake wa Crystal. Pacifique aliendelea kumwita mama majani mbele za watu. Naye aliitika, akapita.

Siku ya kwanza ya mazoezi katika kliniki ya chuo, msimamizi kijana aitwaye Brandon alimletea beji iliyoandikwa Emma.

"Ni rahisi zaidi kwa wagonjwa," alieleza.

Emérance alimrudishia. "Wagonjwa wangu watajifunza kulitamka jina langu. Huko Bukavu waliweza watoto wa miaka miwili."

Alichukua kalamu, akaandika jina lake lote kwenye kipande cha plasta, akakibandika kifuani, akaenda kumwita mgonjwa wa kwanza.