Fungu la Mwami

Shamari ikichemka hunirudisha nyuma ya duka la baba kule Nkwenda, miaka michache kabla Wajerumani na Waingereza hawajaanza kupigana. Wenzangu wakiinusa hukumbuka dawa ya tumbo la mtoto mchanga. Mimi pia nilinyweshwa, lakini kwangu shamari haiji peke yake. Inakuja na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, moshi wa kuni mbichi na shaba iliyopata moto, na nyuma ya hayo yote anakuja mjomba wangu Byabato, amechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza moto huku akiutukana.

Baba aliuza nguo, chumvi na viungo. Alikuwa mtoto wa watu wa pwani aliyefika Karagwe na msafara, akamwoa mama, Mnyambo wa huko, akabaki. Alikuwa mtu wa swala tano, na jinsi mtu wa namna hiyo alivyokubali pombe ipikwe katika ua wake ni jambo ambalo mama hakuchoka kumkumbusha. Ilianza na mvua. Mgiriki mmoja mnunuzi wa ngozi, Kosta, aliingia dukani ameloa chapachapa, anatetemeka kwa homa, na nyuma yake mpagazi amebeba sufuria kubwa ya shaba. Baba akampa banda la nyuma akae mpaka apone. Alipopona hakuondoka, na baba hakuwa na uso wa kumfukuza. Akajenga uzio wa matete katikati ya ua, akatutangazia watoto kwamba atakayeuvuka atacharazwa, basi akajiona amemaliza kazi.

Kwao Kosta, zabibu zikishakamuliwa, makapi yake hupikwa, na mvuke hupitishwa katika bomba lililozama kwenye maji baridi. Kinachodondoka upande wa pili ni pombe kali aliyoiita chipuro. Nkwenda hakukuwa na zabibu. Kulikuwa na ndizi, na kulikuwa na mjomba Byabato, kaka yake mama, ambaye rubisi yake watu walivuka mabonde mawili kuifuata. Mjomba alikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi ndani ya hori la mti, akatia unga wa mtama uliokaangwa, na pombe ilipokomaa aliimimina katika ile sufuria ya shaba. Kosta akaongeza shamari kutoka dukani kwetu, kwa kuwa mbegu za kwao zilikuwa zimemwishia. Kwa miezi miwili ndizi za mjomba karibu zote ziliishia katika bomba la Mgiriki.

Unywaji wa Kosta ulinishangaza kuliko upishi wake. Watu wetu walikunywa rubisi kwa mirija, kibuyu kinazunguka na kelele zinapanda, mpaka mtu aanze kuimba. Kosta alikaa kwanza. Alitandika kitambaa juu ya sanduku, akaweka bilauri ndogo na kisahani cha kutafuna. Kwao, alisema, ingekuwa zeituni na samaki mkavu. Kwetu ikawa karanga na senene wa kukaanga. Akitia maji kidogo, ile chipuro iliyokuwa safi kabisa iligeuka nyeupe kama maziwa. Alinywa kidogo, akala senene mmoja, akasema neno, akanyamaza. Bilauri moja ilimchukua alasiri nzima, na hakunywa peke yake hata mara moja. Akikosa mtu alimwita baba, na baba alikaa mbali na bilauri, anatafuna buni zake za kuchemshwa, kila mmoja akilalamikia nchi hii kwa mwenzake. Sidhani hata mmoja wao alitaka kuondoka.

Mimi niliuvuka uzio siku ya tatu ya upishi, kwa ajili ya senene. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Kosta alinipa nusu kisahani, nami nikakaa kutazama bomba likidondosha. Kopo la kwanza lilipojaa alilichukua, akalimwaga pembeni ya uzio, ndipo akaweka chupa. Nilimuuliza kwa nini anamwaga.

"Ya kwanza hapana kunywa, toto," alisema, akafunika macho yake kwa kiganja. "Hii naua macho. Baba mdogo yangu kunywa. Kesho hapana ona jua."

Kila upishi alifanya vivyo hivyo. Mjomba alikuwa akimwona, lakini Kiswahili cha mjomba kilikuwa cha kusalimia na kununulia chumvi, na Kosta hakujua Kinyambo hata kidogo. Alimwonyesha tu kwa mkono kwamba ya kwanza imwagwe, na mjomba akaona huo ni ufujaji wa mgeni. Kwetu, kibuyu cha kwanza cha kila rubisi kilikuwa cha mwami, mkubwa aliyegawa vibanja vya migomba katika eneo letu. Mjomba alikuwa hajampelekea kitu tangu Kosta aje, na maneno yalishaanza kupita kwamba kibanja cha Byabato kitapewa mtu anayekumbuka adabu. Mama alikuwa halali kwa habari hiyo. Kibanja kile ndimo babu yangu alimozikwa.

Siku moja Kosta alipokwenda kukaa na baba, nilimkuta mjomba peke yake motoni. Alikuwa amekinga kibuyu kidogo chini ya bomba. Hakuanza siku hiyo; kila Kosta alipoondoka motoni alikuwa akiikinga. Kibuyu kilikaribia kujaa.

"Mwihwa wangu," aliniambia kwa Kinyambo, kama alivyozoea kumwita mtoto wa dada yake, "hiki ni cha mwami. Usimwambie Mgiriki. Anamwaga ya kwanza kama mtu asiye na mkubwa juu yake."

Akacheka, akakiziba kibuyu kwa jani la mgomba. Nilikuwa najua alichosema Kosta, na nilikuwa najua alichokusudia mjomba, na katika ua ule hakuna mwingine aliyejua yote mawili. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Lakini mjomba angetaka kujua nimeyatoa wapi, angemuuliza mama, mama angemuuliza baba, na baba angejua nimevuka uzio. Nilirudi ndani, nikala, nikalala. Kesho yake nilikunja nguo dukani kutwa nzima, na nakumbuka nilizikunja vizuri mno, mpaka baba akanisifu.

Siku iliyofuata, asubuhi, mjomba alipita mbele ya duka amevaa kaniki mpya, kibuyu mkononi. Alimsalimu baba, akasema anakwenda kwa mwami kutengeneza mambo yake, akaendelea na njia. Alikuwa ameshapotea kitambo kwenye kona ya migomba ndipo nilipomshika baba kanzu, nikamwambia kila kitu, pamoja na senene.

Baba alitupa kipimo chake cha nguo, akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya hapo wala baada ya hapo. Alimkuta mwami ameshika kibuyu, mrija uko karibu na midomo, akakipiga kibuyu kikaanguka, kosa ambalo siku nyingine lingemtoa roho. Mwami hakuwa ameonja. Mjomba alikuwa ameshakunywa. Anayemletea mkubwa pombe huanza yeye, aonyeshe kwamba haina ubaya, na mjomba, aliyetaka kusamehewa, hakuonja kidogo. Alikunywa funda kubwa mara tatu.

Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda alipomwambia mkewe afungue mlango mwanga uingie. Mlango ulikuwa wazi.

Mwami alitamka kwamba kibanja kile hakitaguswa maisha ya Byabato, na hakikuguswa. Mjomba alikilima kwa kupapasa, akijua ndizi iliyoiva kwa pua. Kosta alikaa naye siku nzima bila kunywa kitu, akilia bila kujificha, kisha akafunga sufuria yake akaondoka. Mjomba alikufa akiamini kwamba baba aligundua mwenyewe. Baba hakumwambia, wala mimi.

Siku hizi gongo hupikwa kwenye migomba kila upande, kwa mapipa, na hainywewi kwa kukaa wala kwa senene. Nilipokwenda Nkwenda mara ya mwisho nilimkuta mjukuu wa ndugu yangu akipika. Alikinga kopo la kwanza, akalimwaga chini ya mgomba, akasema, "Ya mwami." Nikamuuliza mwami gani, maana wami hawapo tena.

"Sijui, bibi. Tumekuta wakubwa wanasema hivyo."

Nikamwambia kuna mtu aliwahi kuinywa, akapofuka, na kuna mtoto aliyejua akanyamaza siku mbili kwa kuogopa fimbo. Kijana akaacha kuchochea moto, akauliza kama mtoto huyo mwishowe alicharazwa.

Nikamwambia hapana, hakuguswa.