Kitambaa Juu ya Sahani

Kila mwaka, baridi ya mwezi wa sita inapoanza kuuma huko Annexe, mtaa wa pembezoni mwa jiji, Mado huanza kufumua. Hununua masweta ya salaula, yale ya mitumba yanayovuka mpaka kule Kipushi, akakata mshono wa bega na kuvuta uzi. Yeye huvuta, mama yake huviringa. Macho ya Mama Nkandu yameingia ukungu, lakini mikono bado inaijua kazi, na donge la sufu likianza kunenepa mapajani mwake huwa anatulia. Kisha Mado huchukua sindano ya krosheti, akafuma kofia, soksi na visweta vya watoto. Watoto wa wengine, tuseme ukweli. Ana karibu miaka arobaini na hajawahi kufuma hata soksi moja ya kubaki nayo.

Mdogo wake Dorine ndiye aliyeolewa, Mado ndiye aliyebaki. Hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo. Mama anaumwa? "Mado iko." Dorine amejifungua? "Mado iko." Mahindi ya nyuma ya nyumba yameingiwa na magugu? Mado iko. Mtu akisemwa hivyo miaka nenda miaka rudi, anakuwa kama kabati: kila mmoja anajua lilipo, na hakuna anayeliuliza kama linataka kuhama.

Kabati hilo likaonwa na Clément. Alikuwa muuza salaula wa Kipushi, amefiwa na mke, mpole mno kwa soko lile la makelele. Alimwekea Mado pembeni masweta yenye uzi mrefu, yale ambayo hayajagandamana kwa maji ya moto. Mwanamume anayeijua tofauti hiyo si wa kuachia wengine! Mwaka jana, mvua zilipokaribia, akamwomba amfumie kitambaa cheupe cha duara.

"Ya kufunikia sahani," akasema, akiangalia viatu vyake.

Mado akaelewa, na masikio yakamwaka moto. Kwao, sahani iliyofunikwa ndiyo posa. Akakifuma kwa uzi wa pamba, akakipiga wanga wa muhogo hata kikasimama chenyewe kama kofia.

Jumapili moja mjomba wa Clément, papa Élie, akaileta sahani ikiwa na kitambaa kile juu yake, akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaaga. Desturi yenyewe ni fupi. Ndani kuna zawadi. Mama wa binti akikiinua kitambaa na kuichukua, amemtoa binti. Sahani ikirudi ilivyokuja, amekataa. Binti mwenyewe hakiinui, wala hamuulizi mama amefikia wapi.

"Tutaiona," Mama Nkandu akasema.

Basi wakakaa wakiiona. Mvua zikashuka. Mado akapanda mahindi, akayapalilia, uyoga ukaja na kwisha, mahindi yakaliwa mabichi, mabua yakakauka, na sahani ikawa pale pale. Kila asubuhi alipangusa kabati akiizunguka. Aliichukia sahani ile, na papo hapo aliiombea. Usiku alilala chumba kimoja na mama yake, akisikiliza pumzi zake, na mara nyingine alijiona anahesabiwa pamoja na vyombo vya nyumba.

Baridi iliporudi, Dorine akamleta mtoto wake mchanga, Ngosa, aonwe na bibi. Mama Nkandu akapapasa chini ya godoro, akatoa uzi wa shanga nyeupe kuukuu, akamfunga mtoto kiunoni.

"Ni muzuri, mama! Ulizipata wapi?" Dorine akauliza.

"Ni za zamani."

Mado alikuwa akimpima Ngosa sweta. Akalivuta likazifunika shanga, akaona limemkaa vizuri.

Dorine alipokuwa akiondoka, akamnong'oneza mlangoni dada yake mkubwa, ambaye humwita yaya. "Yaya, ukienda, mama atabakia na nani? Mi niko na batoto."

Mado akatabasamu. Alitamani kumpiga kofi.

Mwezi wa kumi Clément akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mado, mi ningali nangojea. Lakini bantu ba kwetu banasema basi, haya inatosha. Mvua ya kwanza ikianguka, papa Élie atakuya ile Jumapili kukamata sahani yake."

Mvua ya kwanza ikanyesha Ijumaa. Jumamosi asubuhi Mama Nkandu, aliyekwisha kuambiwa habari hiyo, akaita kutoka kitini pake.

"Mado, kile kitambaa kiko na mavumbi. Kesho papa Élie atatucheka. Fuma ingine, mi mwenyewe nitafunika."

Yaani afume kwa mikono yake kitambaa cha kukataliwa kwake! Mado alisimama mbele ya kabati kwa hasira. Hakuinua kitu. Alitafuta ncha ya uzi aliyoificha mwenyewe ukingoni, akakata fundo kwa wembe, akavuta.

Wanga ulikwaruza. Mama Nkandu aliijua sauti ya kufumua hata usingizini. Akanyoosha mkono, akaupata uzi, akaanza kuviringa.

"Unafumua sweta gani?"

Mado alivuta mzunguko kwa mzunguko, kutoka ukingoni kwenda katikati, na sahani ikajitokeza kidogo kidogo. Mikono ya mama ilisimama. Alikuwa ameutambua ule uzi wa pamba.

"Mado, acha."

Kipande cha mwisho kikafumuka. Sahani ilikuwa tupu.

"Mama, zawadi iko wapi?"

Mama Nkandu alilibonyeza donge jeupe mapajani. "Iko kwa Ngosa," akasema. "Zile shanga. Niliinua siku ile ile, nikaogopa, nikafunika tena. Kama ningerudisha, ungenichukia. Kama ningesema ndiyo, ungeenda."

Mwaka mzima Mado alikuwa ametolewa, na hakuambiwa. Alitaka kucheka, akalia. Alilia kwa ajili ya mvua zote zile, na kwa ajili ya lile sweta alilolivuta kwa mkono wake mwenyewe juu ya shanga zake. Kisha akajifuta uso kwa kitenge, akachukua simu.

"Clément, ambia papa Élie asikuye kukamata sahani. Mama alikamata zawadi tangu zamani. Alikubali."

Kitini, mama yake alikuwa ameshika donge kwa mikono miwili. Sauti yake ilitoka ndogo. Mado alimhurumia, na huruma hiyo nusura imrudishe.

"Na mi, Mado? Nani atanipikia bukari?"

Mado akainama, akalichukua lile donge taratibu kutoka mikononi mwake.

"Dorine iko, mama."