Fundi Cherehani Asiyecheka Utani wa "Mke Wangu"

Saa moja asubuhi, fundi yuko kibarazani kwake, mguu kwenye kanyagio la cherehani, pini mdomoni. Mteja amekuja na bintiye mdogo kuchukua sare. Muuza maji anapita na mkokoteni, anamchekea mtoto.

"Mke wangu, hujambo? Viatu vipya kakununulia nani?"

Cherehani inanyamaza. Fundi anatemea pini kiganjani.

"Ana jina huyo. Mwite kwa jina lake."

"He! Mama Sare, utani tu huo."

"Mke wako yuko nyumbani. Kamtanie yeye."

Mteja anacheka kwa haya, analipa, anamshika mwanawe mkono na kuondoka. Huenda asirudi. Wateja wamepungua karibu nusu tangu fundi awe mkali hivi.

Miaka miwili iliyopita naye alikuwa akicheka. Jirani yao, mwenye duka la simu, alimwita binti wa fundi, wa miaka kumi na moja, "mke wangu" mchana kweupe, baba mtu akisikia. Jirani huyo alimwita fundi "mama mkwe", akamletea na wateja.

"Alianza kunizoea mimi," anasema. "Mtoto alifuata baadaye."

Zikaja zawadi: hereni, mwishowe simu na bando la intaneti. Binti akawa anaifunika simu kila mama akiingia. Shoga zake akawaacha. Siku moja jirani alimwita kama kawaida, mtoto akatazama sakafu. Fundi akamfokea: "Itika, wewe! Mtu mzima anakusemesha, unaringa?"

Anapofika hapo anakata uzi kwa meno.

"Niliyaona yote kwa macho yangu. Nikasema mtoto kakosa adabu."

Ukweli ulipojulikana, jirani alishtakiwa. Lakini mbele ya hakimu binti hakuweza kufungua mdomo, kesi ikafutwa. Jirani alihamishia duka mtaa wa pili tu. Mume wa fundi anataka yaishe. Hataki hata yatajwe ndani ya nyumba.

Binti sasa ana miaka kumi na tatu, na hataki kuguswa na mtu. Mama anayeshonea shule nzima hukata sare ya mwanawe kwa kukisia. Mabega yanampwaya, kiuno kinambana.

"Simdai msamaha," anasema fundi, akiuvuta utepe wa kupimia shingoni. "Natamani siku moja tu asimame hapa, aniambie, 'Mama, nipime.'"

Kila muhula unapofunguliwa, humwuliza. Kila muhula, binti hujibu akiwa nyuma ya mlango: "Kisia tu."