Diski Iliyoitwa B

Pale hospitali walimwita Mama Namba, na jina hilo alilitolea jasho. Kazi yake ilikuwa kuyapa makontena diski. Usije ukadhani ni makontena ya bandarini. Kontena la hapa ni programu iliyofungiwa chumba chake ndani ya kompyuta, na haina pa kuweka kitu mpaka iunganishwe, kwa mtandao, na diski iliyo chumba kingine. Kompyuta huzipa diski hizo herufi kadiri zinavyowahi kuripoti: A, B, C. Umeme ukikatika na kurudi, herufi nazo zinaweza kuhama. Ndiyo maana Mama Namba hakuziamini. Alisoma namba ya diski yenyewe, tarakimu kumi na sita, kwa sauti, mpaka wenzake wakamchoka.

Miezi miwili nyuma mimba yake ilitoka, ya miezi mitano. Alilia siku ile, halafu basi. Alirudi kazini, akala alichopewa, akajibu alichoulizwa. Mumewe akimshika mkono, aliuacha ushikwe.

Jumatatu mkuu wake alimwambia, "Dada, diski ya mafaili yaliyofungwa, ya wagonjwa waliomaliza matibabu, ifute. Kontena jipya la miadi linataka nafasi."

Picha ya kipimo cha mimba yake ilikuwa humo, na nakala haikuwepo kwingine. Angeweza kuinakili, ila angelazimika kuitazama. Akaipiga kazi danadana wiki nzima. Ijumaa asubuhi umeme ulikatika, ukarudi. Saa sita aliketi, akaona B, herufi iliyokuwa ya mafaili yaliyofungwa wiki nzima, akasema moyoni, acha iishe. Namba hakuisoma, yeye aliyewasumbua wenzake miaka yote! Aliogopa akianza kuisoma hatamaliza. Alibonyeza, wala hakuhisi kitu.

Baada ya dakika kumi fundi wa picha alipiga simu. "Mama Namba, picha za wagonjwa wa leo hazionekani."

Alifungua mafaili yaliyofungwa. Picha yake ilikuwepo, kichwa na mkono mmoja umeinuliwa. Herufi zilikuwa zimehama; alikuwa amefuta diski ya mafaili yaliyo hai. Nakala ya jana ilikuwepo, kwa hiyo zilizopotea ni za asubuhi ile tu, za wanawake tisa.

"Mtume muuguzi awaeleze," mkuu alisema.

"Nimefuta mimi, nitaenda mimi."

Aliwakuta kwenye benchi, akawaeleza, akaomba radhi. Wanane waliguna, wakarudi kwenye foleni wapigwe picha upya. Wa tisa, tumbo lake la miezi mitano hivi, alibaki ameketi.

"Kwa hiyo mwanangu hayupo tena?"

"Yupo, mama. Iliyopotea ni picha tu."

Mama Namba alirudi kwenye kompyuta yake. Aliinakili picha yake, akaitazama yote, halafu akaanza kusoma kwa sauti namba ya diski ya mafaili yaliyofungwa, ili aifute. Kwenye tarakimu ya tisa sauti ilimkatika. Akafuta macho, akaanza upya.