Nyuma ya Posho Mili, Mlango wa Kijani

Dinah Nekoye hakuwahi kupoteza barua ya mtu. Miaka ishirini na saba alipiga taipu katika ofisi ya manispaa mjini Kitale, na alipostaafu aliondoka na vitu viwili: kidole gumba kisichokunjika vizuri, na kitabu cha kupelekea barua, kile chenye jalada gumu ambacho mpokeaji hutia sahihi kuonyesha kwamba bahasha imemfikia. Kitabu hicho kilikuwa mali ya ofisi na alipaswa kukirudisha. Hakukirudisha. Ndio wizi pekee alioufanya maishani, na hata huo aliuungama kanisani, mchungaji akashindwa kujizuia kucheka.

Baada ya kustaafu, Ramandeep alimpa kona ya meza dukani mwake. Ramandeep ni Kalasinga wa hapahapa. Babu yake aliuza misumari Kitale kabla baba yake Dinah hajazaliwa, na duka bado linauza misumari, rangi, karatasi na bahasha. Watu walimjia Dinah na shida zao naye akazigeuza barua: kwa chifu, kwa mwalimu mkuu, kwa ofisi ya ardhi. Barua zake zilikuwa na tarehe, Yah ya kutaja inahusu nini, aya tatu na herufi DN chini kabisa, ili mtu akitaka kulalamika ajue amlalamikie nani.

Kipaji chake hasa kilikuwa anwani. Nyumba za Tuwan, mtaa anakoishi Dinah, hazina namba. Ukiuliza unaambiwa uangalie kanisa, mti, choo cha fulani. Wengine wakiandika "Tuwan, Kitale" basi wameridhika, na bahasha inazunguka mtaani hadi inachakaa. Dinah alikuwa akimhoji mtu kama daktari: mnaingilia wapi, nyumba ya ngapi, mlango rangi gani, mbele kuna nini? Barua alizoandika yeye hazikurudi hata moja, na jambo hilo alilitaja kila alipopata nafasi, na hata alipokosa.

Sasa, habari za Tonny. Tonny alikuwa fundi wa pikipiki, rafiki wa Levi, mwana pekee wa Dinah, tangu darasa la kwanza. Mwezi wa sita mwaka uliopita vijana waliandamana, na mkebe wa kitoa machozi ukampiga Tonny nyuma ya sikio. Alifariki siku ya tatu. Mamake, Phelista, alipoenda kuuliza polisi, aliambiwa maandamano yale hayakuwa na notisi, yaani barua ya kuwajulisha. Basi. Hakuna aliyesema nani alifyatua, wala kwa nini alilenga kichwa. Jibu lilikuwa karatasi iliyokosekana.

Uchungu wote wa habari hii uko hapa, kwa hiyo niseme wazi: Dinah aliliamini jibu hilo. Mtu aliyeishi kwa karatasi miaka ishirini na saba angeaminije vinginevyo? Alilala akijua kwamba kama angeandika yeye ile notisi, Tonny angekuwa gereji akipiga kelele na spana zake.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Levi na wenzake walitaka kutembea tena, kimya kimya, hadi ofisi za serikali, wakapeleke ombi kwamba kifo cha Tonny kichunguzwe. Levi alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa simu, mpole kwa mamake ingawa haambiliki.

"Hii mwaka mtaenda na barua," Dinah alimwambia.

"Barua ya nini, Mum? Si ni kutembea tu? Katiba inaturuhusu."

"Katiba inaruhusu, na sheria inasema siku tatu mbele mwambie polisi. Si kuomba ruhusa, ni kujulisha. Mkikosa hiyo barua mnawapatia neno la kusema. Walimsemea Tonny hiyo neno."

Levi akaacha kubisha. "Sawa basi. Andika."

Notisi inataka jina kamili la mwandalizi na mahali anapoishi. Dinah aliwauliza vijana sita waliojaa pale mezani aandike jina la nani. Mmoja akakumbuka simu yake, mwingine akaanza kusoma bei za rangi ukutani.

"Weka yangu," Levi akasema.

Ramandeep alikuwa akisoma kioo cha kompyuta kwa juu ya bega lake, tabia ambayo Dinah alikuwa ameikemea bila mafanikio. "Mama Levi, hapa kwa address weka sanduku la posta. Inatosha."

"Sheria inasema mahali mtu anaishi."

"Sheria inasema mambo mingi, bana. Weka sanduku."

"Ramandeep, mimi siandikangi barua nusu."

Akaandika barua nzima. Njia watakayopita, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Na mwandalizi: anaishi Tuwan, nyumba ya nne nyuma ya posho mili ya kusaga mahindi, mlango wa kijani, mpera mbele, kando ya tangi jeusi. Aliisoma mara mbili, akairidhia, akatia DN chini.

Jumatano aliipeleka kituoni mwenyewe, kitabu chake kwapani. Maandamano yalikuwa Jumanne iliyofuata, siku zilitosha na kubaki. Kaunta alimkuta konstebo aitwaye Gichuki, kijana mwenye adabu ambaye mwaka mmoja nyuma alikuja dukani kuandikiwa barua ya kuomba uhamisho. Gichuki aliipokea kwa mikono miwili.

"Muhuri iko kwa ofisi ya mkubwa, na amefunga. Wacha tu, mama, nitamwekea kwa meza."

"Basi nitilie sahihi hapa kwa kitabu."

"Aki mama, hata wewe? Si unanijua? Si ni wewe uliniandikia ile yangu?"

Dinah akaona aibu. Ndiyo, aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa adabu kwa kumshuku mtoto wa watu. Akafunga kitabu bila sahihi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, akamshukuru, akaenda zake.

Jumapili, baada ya ibada, Phelista alikuja Tuwan na mkungu wa ndizi. Vijana watatu wakaja pia. Dinah alichinja kuku, wakaomba kwa ajili ya Tonny, wakaanza kula. Hata mifupa ya kwanza haijawekwa kando, wakasikia mtu nje akihesabu.

"Moja, mbili, tatu... hii ndio ya nne. Mpera hii hapa. Tangi hii. Mlango kijani."

"Aliyeandika hii kitu anajua kazi yake," sauti nyingine ikasema.

Waliingia polisi watano. Mkononi mwa Gichuki kulikuwa na karatasi, na Dinah hakuhitaji miwani kuitambua. Aliona pambizo zake sawasawa, akaona herufi mbili chini. Mkubwa wao akauliza mkutano ule ulikuwa na kibali cha nani.

"Mkutano gani?" Phelista akasema. "Tunakula. Tunamkumbuka mtoto wangu."

"Watu sita ni mkutano."

Walimtaka Levi tu, na walimtaja kwa majina yake yote matatu, kwa mpangilio uleule wa kwenye barua. Levi alimtazama mamake mara moja, kisha akaanza kutafuta viatu. Hawakumngoja apate cha pili. Dinah alimshika Gichuki mkono wa shati, akamwambia, "Kijana, hiyo ni barua yangu." Gichuki akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaangalia pembeni.

Siku tatu Dinah alizunguka. Pale kituoni alipopeleka barua, waliangalia kitabu cha OB, kinamoandikwa matukio yote, wakamwambia mtu huyo hawamjui. Kituo cha Moi's Bridge walimwambia vivyo hivyo, tena kwa ukali. Alijua mtu hufikishwa kortini ndani ya saa ishirini na nne. Aliwahi kuipiga taipu sentensi hiyo kwa ajili ya wengine, na sasa aliwasomea maafisa kwa kichwa, nao walimsikiliza kama redio ya jirani. Jumanne ya maandamano ikafika ikapita. Hakuna aliyetembea, hata mmoja. Notisi ilikuwa imefanya kazi barabara, ila kwa upande wa pili.

Ni Khaemba, kaka yake Dinah anayeuza nyanya soko la Kamukuywa, Bungoma, aliyepata fununu kwa mteja wake, na Jumatano wakamkuta Levi katika kituo kimoja upande wa Bungoma. Mdomo ulikuwa umepasuka, mguu mmoja hauna kiatu.

"Wameniuliza nani ananifadhili," Levi alisema. "Nikawaambia ni mamangu, hunipikia." Akajaribu kucheka, mdomo ukakataa.

Alifikishwa mahakamani kwa kosa la kushiriki mkusanyiko haramu, yaani ule wa kuku na ndizi, akaachiliwa kwa dhamana. Wakili mmoja, Mary Ann, aliichukua kesi bure. Alimwuliza Dinah nakala ya notisi yenye muhuri. Dinah akafungua kitabu chake, kurasa na kurasa za sahihi za watu waliokufa na wastaafu, hadi mstari wa mwisho, ambao ulikuwa mtupu. Mary Ann hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

Miezi minne baadaye kesi ilisikilizwa. Kiongozi wa mashtaka akasema hakuna notisi iliyowahi kupokelewa. Gichuki akashika Biblia, akasema naye hakuona barua yoyote.

"Tuwan hakuna namba za nyumba," Mary Ann akamwuliza. "Ulijuaje nyumba ya mshtakiwa?"

"Tulielekezwa na mwananchi mwema."

"Nani?"

"Hakutaka jina lake litajwe."

Dinah akajikuta amesimama. "Ni mimi!" akapaza sauti. "Huyo mwananchi mwema ni mimi! Mimi ndio niliwaelekeza!"

Karani akamwamuru akae. Hakimu akamwonya kwamba akirudia atalala ndani. Dinah alitaka kueleza habari ya barua, lakini mahakamani hupewi nafasi kwa sababu una la kusema. Alikaa. Viti vya nyuma, vijana wa Tuwan walitazamana.

Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umeshasikia: Mama Levi amekiri kortini, ndiye aliyemuuza mtoto wake. Kwenye bomba la maji mama mmoja alisogeza mtungi wake mbali na wa Dinah. Aliyemjua vizuri ni Phelista tu, naye alimjia hadi mlangoni.

"Mimi najua ni ile barua," Phelista akasema. "Najua ulitaka mazuri. Lakini dada, si ungeweka tu sanduku la posta?" Hakuingia ndani.

Dinah alinunua rangi ya kahawia. Ramandeep aliifunga kwenye gazeti, wala hakumkumbusha aliyomwambia, na Dinah alimchukia kidogo kwa wema huo. Mlango ulikauka kwa siku mbili. Kijani bado kilionekana kwenye bawaba.

Kesi ilifutwa kwa kuwa mashahidi wengine wa polisi walikosa kufika mara tatu. Hakuna aliyeomba radhi, na faili ya Tonny haikufunguliwa. Wiki hiyohiyo Levi akakusanya vifaa vyake vya kutengenezea simu, akamkumbatia mamake, akasema anaenda kutafuta kazi. Alipiga simu baada ya siku tisa.

"Uko wapi?" Dinah akauliza.

"Niko poa, Mum."

"Poa si mahali."

"Niko tu upande wa Bungoma."

"Bungoma ni kubwa. Upande gani? Nataka kukutumia sweta na njugu."

"Tuma kwa Anko Khaemba. Nitapitia kuchukua."

"Levi, mimi ni mamako. Mtu akiniuliza mtoto wako anakaa wapi, nimwambie nini?"

Alisikia pumzi yake, na nyuma yake pikipiki ikipita. "Ndio maana sikuambii, Mum. Nikikuambia, utaandika vizuri sana." Hakusema kwa hasira. Akamtakia usiku mwema, ingawa ilikuwa saa kumi jioni, akakata.

Dinah alikunja sweta, akaweka njugu katikati, akafunga kwa karatasi ya kaki na kamba. Juu yake aliandika jina la mwanawe kwa herufi kubwa, majina yote matatu. Mkono ukateremka wenyewe hadi mstari wa pili, ukaandika "Anaishi," kisha ukasimama pale. Alikaa hadi wino wa neno lile ukakauka, akalikata kwa mstari mmoja wa rula, na chini yake akaandika: kwa mkono wa Khaemba, sokoni Kamukuywa. Tangu aanze kazi hiyo, hakuwa ameandika anwani fupi kiasi hicho.