Kumpikia Malkia Aliyekimbia

Kila chakula nilichompikia nilikila kwanza mimi. Nilisimama mbele yake jikoni, nikala vijiko vitatu, naye akatazama saa ya ukutani robo saa nzima aone kama nitaanguka. Wali ukapoa, mchuzi ukaganda, ndipo akaamini kwamba sijamtilia sumu. Mimi ni mtu wa Unguja. Kumwonjesha mpishi chakula chake kwa kumshuku ni kumvunjia heshima, na siku za mwanzo nilionja huku nimenuna waziwazi.

Alikuwa malkia. Nchi yake siitaji. Watu wake waliingia barabarani, jeshi likagoma kuwapiga, mfalme akakimbilia upande mmoja na yeye upande mwingine. Mwenyeji mmoja hapa Doha akampa fleti kwenye kisiwa cha Pearl, ghorofa ya kumi na moja, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Mimi nilitolewa mji wa Al Rayyan, nilikokuwa nikimpikia ndugu wa mwenyeji huyo, nikaambiwa nipike na ninyamaze.

Aliolewa akiwa na miaka kumi na saba, akatoka ikulu ya baba yake akaingia ya mumewe. Sokoni hakuwahi kukanyaga. Alinisimulia hayo kwa Kiarabu cha taratibu, kama anamsemesha mtoto, kisha katikati ya habari akanyamaza na kuniuliza simu yangu iko wapi. Simu yangu ilikuwa kwenye droo yake, na ufunguo anao yeye!

Siku moja televisheni ilionyesha wananchi ndani ya ikulu yake. Wanaume walikuwa wamelala kitandani kwake na viatu vyao. Hakulia. Alisogea karibu kabisa na kioo, akamnyooshea kidole mwanamke aliyebeba zulia begani.

"Yule ni mpishi wangu," akasema. "Miaka kumi na tisa."

Kisha akageuka, akanitazama mimi. Tangu siku hiyo robo saa ikawa nusu saa. Nami nikaanza kumshuku yeye. Nilijiuliza amewatenda nini huko, hata mpishi wa miaka kumi na tisa asimwonee huruma.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kwetu huwezi kukaanga kitu alasiri, harufu ikamfikia jirani, halafu ukafuturu peke yako. Fleti ya pili alikaa mama mmoja niliyezoea kumsalimia kwenye lifti nikishusha taka. Malkia alikuwa amelala. Nikamgongea yule mama, nikampa kaimati kwenye sahani ndogo yenye simba wawili wa dhahabu katikati. Mimi niliona ni urembo tu. Kaimati zilipoliwa simba wakaonekana, na kumbe walikuwa nembo ya ufalme wake malkia, na kumbe jirani alitoka nchi ileile.

Kesho yake alirudisha sahani imejaa tende, kama inavyotakiwa, lakini macho yake yalinipita begani yakaingia ndani.

"Sahani nzuri. Mmeinunua wapi?"

"Sokoni," nikasema, nikafunga mlango.

Siku ya tatu picha ya sahani ilikuwa kwenye simu za watu, pamoja na jina la jengo letu. Mwenyeji akatuma mtu: malkia aondoke kabla ya magharibi, nchi nyingine imekubali kumpokea. Mimi ningeweza kunyamaza, maana malkia alikwisha kumtuhumu dereva aliyekuwa akituletea mahitaji. Nilishindwa. Nikaenda nikakaa chini miguuni pake.

"Mama, ni mimi. Nilimpelekea jirani futari. Wale simba sikujua ni wa nini. Nisamehe."

Alinisikiliza kwa utulivu wa ajabu.

"Nani alikulipa?"

"Hakuna, mama. Ni jirani tu."

"Alikuahidi nini?"

"Wallahi hakuniahidi kitu. Nilikaanga, nikaona harufu imemfikia."

Aliniuliza tena akivaa abaya yake, na tena ndani ya lifti, mara hii kwa upole, karibu ananibembeleza: nimtajie mtu mmoja tu, naye atanisamehe yote. Nilikuwa ninalia, na nilikuwa na hasira pia, kwa sababu ukweli wote nilikwisha kumpa na hakuutaka. Walipomwingiza garini alishusha kioo kidogo. Hakuniaga. Alinitazama mpaka gari likageuka kona, bado anangoja nimtajie jina.